Jina Ukingoni: Usomaji na Ukusanyaji wa Nishani za Vita za Askari wa Afrika Mashariki

Utangulizi

Nishani ya vita aghalabu hutazamwa usoni. Huko ndiko iliko sura ya mfalme au malkia, na kwenye uso wa nyuma pana simba, mpanda farasi au malaika wa ushindi. Atazamaye hivyo huwa ameona tu kile ambacho serikali iliyoitoa nishani ilitaka kionekane. Makala haya yanashikilia kwamba, kwa nishani walizopewa askari wa Afrika Mashariki, sehemu iliyobeba habari nyingi zaidi ni ile isiyotazamwa, yaani ukingo. Kwenye ukingo ndipo palipochapwa nambari ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake. Kwa askari wengi wa eneo hili, mstari huo mmoja ni miongoni mwa maandishi machache mno yaliyowahi kuwahusu, na yamkini ndiyo ya pekee yaliyobaki mikononi mwa jamaa zao. Zipo nishani zenye jina, zipo zilizofutwa jina, na zipo ambazo hazikuandikwa jina tangu mwanzo. Tofauti ya makundi haya matatu ndiyo kiini cha mjadala huu.

Huenda mwanafunzi wa Kiswahili akauliza, haya yanamhusu nini? Yanamhusu kwa njia mbili. Kwanza, jeshi la KAR lililoundwa rasmi mwaka 1902 lilikuwa mojawapo ya vyombo vilivyokieneza Kiswahili bara, na wanaisimujamii wamekwisha kuichunguza lahaja ya kambini iliyozaliwa humo, ile iitwayo Kikeya kutokana na herufi hizo za jeshi. Pili, jina lililochapwa kwenye chuma na karani asiyeijua lugha ya mwenye jina ni data ya lugha. Wanaoshughulikia taaluma ya majina hawajaichota vya kutosha.

Dhana ya nishani

Neno nishani lina asili ya Kiajemi, na katika lugha hiyo maana yake ya msingi ni alama au dalili. Waturuki wa dola ya Uthmaniya walilitumia kwa mapambo ya heshima ambayo sultani aliwatunuku watumishi wake, na maana hiyo ndiyo iliyotia mizizi katika Kiswahili. Medali ni neno jipya zaidi, lililotoka Kiingereza, nalo limejikita zaidi uwanjani: mkimbiaji hurudi nyumbani na medali ya dhahabu, ilhali askari huvishwa nishani. Mpaka huu si wa chuma. Magazeti huuvuka kila uchao. Hata hivyo ni mpaka wenye manufaa, kwa kuwa medali hushindaniwa lakini nishani hutunukiwa, na anayetunuku daima huwa na cheo kuliko anayetunukiwa.

Pwani ilikuwa na mapokeo yake kabla ya utawala wa Waingereza kushika kani. Katika miaka ya 1870 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alianzisha nishani ya Nyota Ing'arayo, ambayo iliwaendea wakuu, mabalozi na wageni wa heshima. Nishani ya aina hiyo haikuwa ya vita bali ya urafiki na siasa. Ya vita ilikuja mwaka 1896, wakati wa Sultani Hamid bin Thuwaini. Ilikuwa ya fedha, yenye maandishi ya Kiarabu na utepe mwekundu, na walitunukiwa wanajeshi wa Zanzibar waliopigana bara chini ya Lloyd Mathews. Juu ya utepe viliwekwa vibamba vya madini vyenye majina ya mahali palipopiganiwa: Pumwani, Jongeni, Takaungu na Mwele. Mtu wa pwani akiyasoma majina hayo hahitaji ramani.

Kibamba kama hicho ni muhimu katika usomaji wa nishani, kwa hivyo inafaa kieleweke mapema. Nishani moja yaweza kutolewa kwa vita vingi vilivyopiganwa katika miaka mingi. Kinachotenganisha vita hivi na vile ni kibamba kilichoshonwa au kufungwa utepeni, chenye jina la mahali na mwaka. Uso wa nishani humtaja mfalme, kibamba huutaja uwanja wa vita, ukingo humtaja mtu.

Aidha, ni lazima kutofautisha nishani ya ushujaa na nishani ya kushiriki vita. Ya kwanza hutolewa kwa tendo mahususi na huwafikia wachache. Ya pili hutolewa kwa kila aliyekuwapo mahali fulani kati ya tarehe fulani na fulani. Nishani nyingi zilizomo katika masanduku ya familia za Kenya, Uganda na Tanzania ni za aina hii ya pili. Kusema kuwa babu "alipewa nishani kwa ushujaa" mara nyingi ni upendo wa wajukuu unaosema. Upendo huo haumpunguzii babu chochote, lakini mtafiti hapaswi kuunakili kama historia.

Desturi ya jina

Nishani ya Waterloo, iliyotolewa baada ya vita vya mwaka 1815, ndiyo ya kwanza ambayo serikali ya Uingereza iliwapa askari wa vyeo vyote walioshiriki, na kila moja ilichapwa jina la mwenyewe ukingoni. Kabla ya hapo heshima ya chuma ilikuwa ya majenerali na maofisa. Tendo la kumwandika askari wa chini kabisa kwa jina lake lilikuwa badiliko kubwa kuliko linavyoonekana: lilikiri kuwa vita havikupiganwa na jenerali peke yake. Msalaba wa Victoria, ambao ndio nishani ya juu kabisa ya ushujaa kwa Waingereza, ulianzishwa mwaka 1856 nao pia huandikwa jina.

Desturi hiyo ilipovuka bahari kuja Afrika Mashariki, ilikuja na madaraja yake. Nishani ya Afrika Mashariki na ya Kati ya miaka ya 1897 hadi 1899 ilitolewa kwa fedha na kwa shaba. Ya fedha ilikuwa ya wanajeshi. Ya shaba ilikuwa ya wafuasi wa jeshi wasio askari, wapagazi wakiwa miongoni mwao. Vibamba vyake vinakumbusha uasi wa askari wa Kisudani nchini Uganda mwaka 1897, waliojifungia katika ngome ya Luba huko Busoga. Nishani ya Jumla ya Afrika iliyofuata mwaka 1902 iliendeleza utaratibu huo huo wa fedha na shaba. Vivyo hivyo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: nishani ya vita ya Uingereza ilitolewa kwa fedha kwa watu takriban 6,500,000, na kwa shaba kwa watu wapatao 110,000, wengi wao wakiwa vibarua wa Kichina, Kihindi na Kimalta. Muundo ni ule ule, mfalme ni yule yule, lakini madini yamebadilika. Asiyejua kusoma maandishi angeweza kusoma rangi.

Upambanuzi haukuishia kwenye madini. Nishani ya ushujaa iliyojulikana kwa herufi DCM, waliyopewa askari wasio maofisa katika jeshi la Uingereza, ilikuwa na toleo lake maalumu kwa ajili ya Waafrika wa KAR, jina la jeshi hilo likiwa limechapwa kwenye nishani yenyewe. Ni hadi mwaka 1942 toleo hilo la kando lilipoondolewa na Waafrika kuanza kupewa lile la jumla. Msalaba wa Victoria haukuwahi kumwendea Mwafrika yeyote wa KAR. Aliyeupata akiwa sajini wa jeshi hilo ni Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya aliyeuawa Ethiopia mwaka 1941 alipokivamia kifaru cha Waitalia kwa miguu. Ushujaa wake hauna shaka. Kinachotia shaka ni kama katika batalioni zote hizo, katika vita vyote viwili, hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyetenda la kulingana nalo.

Vibamba vinavyouma

Kuna nishani ambazo haziwezi kushikwa mkononi mwa Mkenya bila mkono kusita. Kibamba kiandikwacho "Witu 1890" kilitolewa kwa washiriki wa msafara wa adhabu wa Admirali Fremantle dhidi ya Sultani Fumo Bakari, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa huko. Mji wa Witu ulichomwa moto. Vita vya Mwele vya 1895 na 1896, dhidi ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, havikupewa kibamba katika nishani ya Waingereza. Jina la Mwele lilichapwa ukingoni, na huu ni mfano wa nadra wa ukingo kubeba uwanja wa vita pamoja na mtu.

Kisha kuna "Nandi 1905-06". Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen, ofisa wa KAR, katika mkutano uliokuwa umeitwa wa amani. Upinzani wa takriban miaka kumi ukavunjwa. Waliokuwamo katika kampeni hiyo, Wazungu kwa Waafrika, walivaa kibamba hicho. Fimbo tatu za Koitalel zilizochukuliwa na Meinertzhagen zilirejeshwa Kenya mwaka 2006 kutoka kwa familia yake. Fimbo hizo na kibamba hicho ni nyaraka za tukio moja. Mtafiti anayejali hawezi kukusanya kimoja na kukidharau kingine. Kuna hoja kwamba nishani za namna hii zisikusanywe kabisa kwani kuzikusanya ni kuzitukuza. Hoja hiyo inaeleweka, lakini ni dhaifu: nishani ni ushahidi uliotengenezwa na mshindi mwenyewe, ukiwa na mahali, mwaka na jina. Kuuharibu ni kumsaidia yeye.

Vita vya Kwanza: askari na mpagazi

Mwaka 1914 KAR ilikuwa jeshi dogo la askari wapatao 2,300. Vita vilipokwisha mwaka 1918 lilikuwa limepita 30,000. Waliobaki hai, na jamaa za waliokufa waliopatikana, walistahili nishani mbili: ile ya fedha yenye mpanda farasi akanyagaye ngao ya adui, na ile ya Ushindi, ya shaba yenye malaika mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Zote mbili zilichapwa ukingoni.

Usomaji wa ukingo huo una kanuni zake. Nambari hutangulia, kisha cheo kwa kifupi cha Kiingereza, kisha jina, kisha batalioni. Tarakimu ya batalioni husaidia kukisia atokako mtu: ya 1 na ya 2 ziliandikisha hasa Nyasaland, ya 3 nchini Kenya, ya 4 Uganda. Ni kukisia tu, maana vikosi vilichanganyika na kuongezeka vita vilipopamba moto. Jina lenyewe ndilo lenye mafumbo. Mara nyingi ni neno moja tupu. Mara nyingine lina bin, arap au wa katikati, na viunganishi hivyo hutuonyesha karani alivyouelewa, au alivyoukosa kuuelewa, utaratibu wa kuitana wa jamii husika. Majina ya Kiislamu yako mengi kuliko idadi ya Waislamu inavyotarajiwa. Baadhi ni ya askari wa asili ya Kisudani na wazao wao, lakini baadhi ni ya vijana wa bara walioandikishwa kwa jina la kambini na kuliacha la nyumbani mlangoni. Tahajia hufuata sikio la mwandikaji: r na l hubadilishana, irabu za mwisho huanguka, ng' hugeuka kuwa ng au n. Mwanafonolojia akipata orodha ya majina mia mbili ya ukingoni atakuwa na kazi ya muhula mzima.

Mpagazi hakuwa na bahati hiyo. Watu waliobebeshwa mizigo ya vita hivyo walifika mamia ya maelfu, na wanahistoria hukadiria kuwa zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki kama mtaa, Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, lakini majina yao wenyewe hayakubaki. Sanamu za ukumbusho zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam miaka ya 1920, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, ni nzuri kwa macho. Ile ya Nairobi ina maandishi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu. Haina jina la mtu hata mmoja. Ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliyotolewa mwezi Aprili 2021 ilikiri kuwa marehemu kati ya 45,000 na 54,000, hasa wa asili ya Asia na Afrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ukiisoma ripoti hiyo kisha ukatazama ukingo wa nishani moja ya askari wa KAR, ndipo utambuapo kwamba chuma hicho chenye upana wa milimita 36 kimefanya jambo ambalo mnara mzima haukulifanya.

Upande wa pili wa mstari wa vita, askari wa Kiafrika wa jeshi la Kijerumani walikuwa na shida inayofanana na hiyo. Vitabu vinavyosimulia vita hivyo vina kisa maarufu. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliosalia malimbikizi yao. Walijitokeza mamia kadhaa huko Mwanza, lakini wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare. Mlipaji akabuni mtihani: kila mzee alipewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Husimuliwa kuwa hakuna aliyeshindwa. Ni kisa cha kuchekesha hadi pale msikilizaji anapowaza kwamba mzee wa zaidi ya miaka 65 alilazimika kuuthibitisha utumishi wake kwa viungo vya mwili kwa sababu hapakuwa na mahali jina lake lilipoandikwa.

Vita vya Pili: nishani isiyo na jina

Kutoka Kenya pekee watu takriban 98,000 walitumikia jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia. Walikwenda Somalia, Ethiopia, Madagaska, na hatimaye Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika na malaria. Si wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldivi, na karibu watu 1,300 walikufa, wakiwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliorudi walipewa nyota za shaba zenye ncha sita: Nyota ya 1939-45, Nyota ya Afrika yenye utepe wa rangi ya mchanga wa jangwa, na Nyota ya Burma. Pamoja nazo ilikuwapo Nishani ya Vita ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili. Safari hii serikali ya Uingereza iliamua, kwa kuepuka gharama, kutochapa majina. Afrika Kusini na Australia zilichapa ya watu wao. Uingereza haikuchapa, na makoloni yake ya Afrika Mashariki yakafuata.

Matokeo yake ni makubwa. Nyota ya Burma iliyotoka kwa mama mjane wa Machakos haiwezi kutofautishwa na iliyotoka kwa ofisa wa London. Zikishachanganywa katika bakuli la muuza vitu vya kale, hakuna mtaalamu duniani awezaye kuzirudisha kwa wenyewe. Hapa ndipo kauli ya mdomo inapochukua nafasi ya ukingo: kisichochapwa chumani chapaswa kuandikwa daftarini mapema, kabla ya wajuzi kuondoka.

Waruhiu Itote alikuwa mmoja wa waliopigana Burma. Alirudi akiwa koplo, na katika miaka ya 1950 akajulikana kama Jenerali China, mmoja wa makamanda wa Mau Mau, hadi aliposhikwa Januari 1954. Serikali ile ile iliyomhesabu miongoni mwa askari wake wa Burma ilikuwa sasa inatoa kibamba kingine cha Nishani ya Jumla ya Afrika, kilichoandikwa "Kenya", kwa waliotumika kati ya tarehe 21 Oktoba 1952 na 17 Novemba 1956 kumwandama yeye na wenzake. Kibamba hicho ndicho cha mwisho cha nishani hiyo. Walikivaa Waingereza, na walikivaa pia Waafrika wa KAR na polisi. Kwa hiyo yawezekana kabisa boma moja likawa na Nyota ya Burma ya kaka na kibamba cha "Kenya" cha mdogo wake, na binamu yao aliyekuwa msituni akawa na kovu tu. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003. Mtafiti anayeingia boma kama hilo na kuanza kuuliza habari za nishani ajue anauliza habari za nini.

Maana hugeuka

Nishani ikitoka kwa aliyeitoa, maana yake haiko tena mikononi mwake. Idi Amin, aliyejiunga na KAR mwaka 1946, alidai kuwa alipigana Burma ingawa vita vilikuwa vimekwisha kabla hajavaa sare. Alipokuwa rais alijitungia msalaba uliofanana na ule wa Victoria, na akajaza kifua hata koti likalemewa. Watu walicheka, ila katika kicheko hicho mlikuwa na somo: aliionyesha dunia kwamba chanzo cha heshima ya nishani ni makubaliano ya watu, na makubaliano hayo yakivunjwa hubaki bati. Kenya huru nayo ina utaratibu wake wa kutunuku, na majina ya daraja zake, kama vile Mkuki Uwakao na Moyo wa Dhahabu, yalichaguliwa ili yasikike kuwa ya nyumbani. Orodha za wanaotunukiwa huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali, majina yakiwa kamili. Hilo ni jema kuliko linavyodhaniwa.

Ukusanyaji na maadili yake

Ukusanyaji wa nishani ni shughuli ya zamani Uingereza, yenye vyama, majarida na minada mikubwa London. Mkusanyaji wa huko hununua jina. Akiona ukingo, huenda kwenye daftari za nishani zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, huthibitisha kuwa mtu huyo alikuwapo, kisha hutafuta habari zake. Bei hupanda kwa kadiri mtu anavyojulikana. Ofisa aliyeacha barua, picha na wasifu huinua thamani ya chuma chake. Askari wa KAR ambaye jalada lake halikutunzwa hubaki nambari na neno moja. Hivyo dhuluma ya kumbukumbu hugeuka kuwa tofauti ya bei. Anayeuza nishani ya babu ili alipe karo hupata kidogo, na sababu ya kupata kidogo ni ile ile iliyomfanya babu asiandikwe.

Nishani nyingi za fedha hazikufika hata mnadani. Bei ya fedha ilipofumka duniani kati ya mwaka 1979 na 1980, nishani za vita vya kwanza ziliyeyushwa kwa wingi Uingereza. Kuyeyusha hakuhitaji soko la London. Huhitaji sonara na moto tu. Pete na herini hazina ukingo wa kusomwa.

Kuna hila ambazo mwanafunzi yampasa kuzijua. Ya kwanza ni kufuta jina kwa tupa ili nishani iuzwe bila kuulizwa ilikotoka. Ukingo uliofutwa huwa mwembamba kuliko kawaida, na kipenyo hupungua kiasi cha kuonekana kikipimwa. Ya pili ni kufuta na kuchapa jina jingine la bei. Herufi zake huwa na umbo au kina kisicholingana na chapa ya kiwandani. Ya tatu ni kuhamisha kibamba kutoka nishani moja hadi nyingine. Ya nne si hila bali ni upendo usio na maarifa: kuisugua nishani kwa majivu au dawa ya shaba kila sikukuu hadi mfalme akakosa pua na ukingo ukawa laini. Afadhali nishani nyeusi yenye jina kuliko inayometameta isiyo nalo.

Mintarafu ya sheria, Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale, lakini mpaka wake wa jumla wa vitu vinavyohamishika ni vile vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Nishani karibu zote zilizotajwa hapa zimekuja baada ya mwaka huo, na haziwezi kulindwa ila kwa tangazo mahususi. Kwa vitendo, basi, mlinzi wa nishani ya KAR ni familia.

Utaratibu wa kukusanya data

Si lazima mwanafunzi anunue ili akusanye. Kinachotakiwa ni rekodi, na nishani ibaki boma ilimozaliwa. Akaribishwapo, aombe ruhusa ya mkubwa wa nyumba kwanza, si ya kijana aliyemleta. Nishani ishikwe kwa vidole viwili mahali pa utepe, isifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, na wala isitolewe kwenye utepe hata kama umechakaa, kwani rangi za utepe na mpangilio wa nishani kwenye pini moja ni sehemu ya ushahidi. Apige picha tatu: uso wa mbele, uso wa nyuma, na ukingo ukizungushwa polepole mbele ya mwanga wa pembeni, maana herufi zilizolika huonekana kwa kivuli chake kuliko kwa mwanga wa moja kwa moja. Kipimo cha kipenyo na uzito kiandikwe.

Maandishi ya ukingoni yanakiliwe herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake, bila kusahihishwa kuwa Kiswahili Sanifu au tahajia ya leo ya lugha ya mama. Nukta ihesabiwe. Herufi isiyosomeka iachiwe nafasi, isikisiwe. Baada ya hapo ndipo mkubwa wa nyumba aulizwe jinsi mwenye nishani alivyokuwa akiitwa na mama yake, na jina hilo, likirekodiwa kwa sauti na kwa maandishi, liwekwe kando ya lile la ukingoni hata kama hayafanani kabisa.